Gari ya Circuit Haibebe Viazi

Siku ya kwanza ya kazi nilifika garage na salopette mupya, imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Chef d'atelier, mutu wa pili kisha Patron mwenye garage, aliniangalia toka kichwa mpaka viatu.

"Wewe, umekuja kutengeneza gari ao kuoa?"

Batoto ba première, mukae vizuri, muzee wenu anasema. Munaona niko na miaka kumi na saba, munacheka. Hapana cheka. Nilitumika vacances tatu za masomo muzima katika garage ya Butembo, na ile kazi inazeesha.

Affectation yangu, kazi ya kwanza nilipewa, ilikuwa beseni ya mazout, mafuta ya gari: kuosha boulons, zile nati. Pale njo nilianza kushtuka. Mimi, mwanafunzi wa mécanique, nilikuwa najua kama amortisseur njo inabeba gari. Chef alicheka mpaka akashika ukuta. "Mutoto, ressort, ile chuma ya kujikunja, njo inabeba. Ressort inataka kurukaruka, amortisseur inaiambia tulia. Balikufundisha nini kule?" Na bulletin yangu ya masomo ilikuwa muzuri, mujue!

Affectation ya pili: ressorts. Huku kwetu gari inatoka Lubero na viazi, inatoka Alimbongo na maharagi, na mwenye gari anataka kitu kimoja tu: isikalie matako. Donc tulikuwa tunaongeza lame, zile bati za chuma za ressort, tunagumisha, tunaongeza tena. Sijaona hata mutu mumoja anaingia na kusema, "Patron, gari yangu ni ngumu sana, unipunguzie."

Halafu Hajji akakuja. Hajji ni transporteur wa Beni, mutu wa pole, tasbihi iko mukononi saa yote. Alileta Toyota kidogo, kiti ya nyuma imetolewa. Kule Beni balikuwa banataka kufunga barabara za lami siku ya dimanche, ikuwe circuit ya mashindano, magari yazunguke, kona kushoto, kona kulia, mwenye kumaliza mizunguko wa kwanza njo anashinda.

"Na chauffeur ni nani?" Patron akauliza.

"Ni Kahindo, ule wa Fuso yangu ya maharagi."

Clé ya boulons ikaniponyoka, ikaangukia kidole cha muguu. Kahindo ni yaya yangu, mukubwa wangu. Tumbo moja! Na nyumbani Mama alikuwa anajua kama yaya ataenda Beni kupeleka maharagi, basi.

Hajji alileta pia combinés filetés, seti mbili, ili Patron achague. Combiné fileté ni ressort na amortisseur pamoja, moja ndani ya ingine, na mwili wake uko na vis ndefu na bague, pete ya kuzungusha ya kupandisha ao kushusha gari. Seti nyekundu ilikuwa na ressort ngumu. Ya bluu ilikuwa laini, na kwa juu iko na kibutoni cha kuzungusha, cha kuongeza nguvu ya amortisseur.

Patron alikuwa na njia yake ya kupima, na garage zote za muji zinafanya vile: unakalisha batu. Akaita Mama Restaurant wa upande wa barabara, na soudeur mwenye kuunganisha chuma, na mushemeji wake. Bakakaa batatu juu ya nyuma ya gari. Na nyekundu, gari haikutikisika. Batu bakapiga makofi. Na bluu, gari ikashuka, Mama Restaurant akalia, "Ee Mungu Nyamuhanga, munaniua!"

Patron akatema mate. "Hii ya bluu ni godoro. Tieni nyekundu."

Asubuhi yake tukaenda kujaribu kwenye lami, yaya kwa usukani, mimi pembeni. Kabla ya kutoka, Chef alivalisha kapira kadogo kwenye tige, ile fimbo ya kila amortisseur. Njia ya kunyooka ilikuwa tamu. Mais kuko kona moja yenye kiraka. Gurudumu ikagonga kile kiraka, na gari haikukanyaga tena chini, iliruka kwa ubavu, hop, hop, kama chura. Nikaona mutaro unakuja. Ndani ya mutaro mbuzi iko inaniangalia, nayo imeshtuka. Tukasimama gurudumu moja ikiwa hewani.

"Yaya, umekufa?"

"Kama nilikufa, nani anakujibu, kijinga?"

Mais kisha kuitoa pale alirudisha gari polepole, kama amebeba mayai. Hata siku Fuso ilikatika frein, ile breki, hakuogopa vile.

Kwa garage, Patron hakutaka kusikia. "Muzungushe ile bague, ikuwe ngumu zaidi!"

"Patron," Chef akasema, "bague inapandisha gari tu. Ugumu wa ressort unabakia ule ule." Akapiga magoti, akatuonyesha kale kapira. Ressort ikishuka, inasukuma kapira, na kapira kanabakia pale ilifika. Ka kwetu kalisogea kidogo tu, hata kidole kimoja hapana. "Munaona? Kwenye kona ressort haikushuka. Gurudumu haikufuata barabara. Njo maana iliruka."

"Mais ilibeba batu batatu!"

Yaya akapanguza mikono kwenye suruali. "Patron, kwenye circuit nitabeba viazi gani?"

Tasbihi ya Hajji ikasimama. Patron akakaa juu ya pneu, mupira wa gari wa zamani, kama mutu amepewa habari ya kilio.

Hajji akasema polepole, "Patron, nilikuletea gari na mutoto wa batu ndani. Usinirudishie gari peke yake."

"Toeni nyekundu," Patron akasema. Sauti yake hatukuijua.

Tukatia bluu. Tukapima urefu wa gari toka chini, yaya akiwa ndani, juu yeye njo muzigo, hakuna ingine. Tukaacha nafasi ya ressort kushuka na kupanda. Kibutoni tukaanza kukilegeza, kisha tukafunga kidogo kidogo, kila mara anaenda anarudi, mpaka gari ikawa inashuka, inapanda mara moja, inatulia. Kwenye ile kona, mbuzi haikuinua hata kichwa.

Dimanche Beni nilikuwa nasali rozari na macho wazi. Gari za wengine zilikuwa zinaruka kama maharagi ndani ya sufuria. Ya yaya ilikuwa inalamba barabara. Akamaliza wa pili, nyuma ya gari moja ya njano. Anatoa casque ya kichwa, anacheka, halafu kicheko kikakatika.

Mama. Na kitenge ya misa, amesimama kwenye kamba ya barabara; Mama Restaurant hakujua kufunga kinywa.

Hakupiga kelele. Alimushika yaya mabega, akamubonyeza mikono, mbavu, shingo, kama mutu anachagua mbuzi sokoni. "Umeumia wapi?" "Hapana, Mama." Akanigeukia. "Na wewe ulijua. Garage imekwisha leo. Masomo."

Vile njo nilistaafu. Hakuna fête ya kuagana, hakuna muhuri, hata salopette Mama alifanya ya kupangusa nyumba. Mukiniuliza nimepata nini, nitawaambia: mbele ya kuchagua ressort, uliza kwanza nani atakaa ndani na anaenda wapi. Ugumu si nguvu. Patron sasa anasema ni yeye aligundua, tumuache, ni muzee.

Hajji aliturudisha Butembo kwa jeep yake, yaya akaendesha. Mama alikuwa nyuma, kimya, njia yote. Tukajua anatafuta maneno ya kuzika ile kazi ya yaya. Tulikuwa tunaona mataa ya muji wakati alikohoa.

"Kahindo."

"Mama."

"Ule wa gari ya njano. Tutamupita lini?"