Nilimfundisha binti yangu kupika sombe wakati mimi mwenyewe sijui sombe inapikwaje (Bukavu, vita ya pili)

Wakuu wa jukwaa, salaam kwenu.

Leo nina furaha mpaka vidole vinateleza kwenye simu, mtanisamehe makosa ya kuandika. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kasha, hapa Bukavu. Siongezi chumvi.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Mke wangu alikuwa amekwenda Kinshasa kumuuguza dada yake, na huku nyuma nchi ikakatika vipande viwili. Hakuna ndege, hakuna barabara. Sauti yake tuliisikia mara moja moja kwa phonie, ile redio ya upepo ya parokia. Dakika mbili, basi.

Nikabaki na watoto watatu. Mkubwa ni Nabintu, miaka kumi na tano, na wadogo zake wawili wa shule ya msingi. Msichana wa kazi naye alikuwa amerudi kwao.

Sasa mwelewe woga wangu. Siku zile mtu alitoka asubuhi kutafuta unga, na jioni hakurudi. Nilikuwa najiuliza kila nikifunga viatu: nisiporudi mimi, Nabintu ataweza?

Kusema kweli hakuweza kitu. Équation za hesabu alikuwa anazitafuna, lakini kuwasha makala, haya makaa ya jikoni, hajui. Na kosa ni langu, maana miaka yote nilimwambia, "Wewe soma tu."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nikafanya anachofanya mwalimu. Nikanunua daftari, nikaandika "Programme ya Maisha". Leçon ya kwanza, yaani somo la kwanza, moto. Ya pili maji. Ya tatu bugali. Nikatundika na ubao ukutani!

Nabintu aliuliza, "Papa, hii yote ya nini?"

Nikamdanganya kuwa ni maandalizi ya internat, shule ya bweni. Ningemwambiaje mtoto kwamba nampangia siku nitakayokufa?

Moto tuliupata siku ya pili, macho mekundu kwa moshi. Maji yakachemshwa vizuri. Bugali ya kwanza ilikuwa na mabonge ya unga ndani, lakini tuliila na sambaza, dagaa wa ziwani, hakuna aliyenung'unika. Nikaanza kujiona bingwa.

Ndipo ikafika leçon ya nne. Sombe, ambayo wengine mnaiita kisamvu.

Wakuu, nimekula sombe tangu nimeota meno. Nikanunua majani ya muhogo, mafungu mawili mazuri. Nikaandika ubaoni: osha, weka maji, chumvi, dakika thelathini. Nabintu akanakili. Tukayatia majani mazima kwenye sufuria, tukaweka mbabula, jiko la makaa, katikati ya ua wa parcelle, mimi saa mkononi!

Jirani yetu Maman Furaha akapita, akafunua sufuria. Akakaa chini kabisa kwa kicheko.

"Prof! Hii iko chakula ya mbuzi! Sombe banatwangaka kwanza! Na hizo dakika zako, utaua batoto. Inachemka mpaka uichoke!"

Nilikuwa sijui kuwa inatwangwa. Miaka arobaini na kitu! Kinu kilikuwa nyuma ya nyumba na mimi nilidhani ni cha mahindi. Ndiyo faida ya kukua kwenye nyumba ambayo mwanaume akikaribia jiko anafukuzwa.

Niliona haya, lakini haya hazishibishi watoto. Nikafuta ubao, nikamwambia, "Maman, basi tufundishe sisi wote wawili."

Kuanzia hapo tulikuwa wanafunzi wawili. Nilishika mchi mchana kweupe na watu wakaja kuchungulia uani. Wakasema Prof ametwanga akili pamoja na majani. Nabintu alinicheka mpaka akashika mbavu, na jamani, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mama yake aondoke.

Mikono yake ikazidi yangu upesi. Akajua sokoni nani ana muhogo uliolowekwa vizuri, akajua kushona na kukanda mtoto mwenye homa.

Halafu asubuhi moja nikaenda Kavumu, nje ya mji, kutafuta maharage. Mchana barabara ikafungwa kwa risasi. Hakuna kupita.

Siku ya kwanza. Ya pili. Simu hazikuwepo. Nilikaa kwenye baraza la watu nisiowajua, nikihesabu unga uliobaki nyumbani, vikombe vinne. Nililia, sifichi.

Siku ya tano barabara ikafunguka, nikatembea kwa miguu mpaka Kasha, karibu nikimbie.

Nikasukuma mlango wa uani. Mbabula inawaka. Wadogo wameoga, mmoja anatwanga, mwingine anachambua majani. Sombe inanukia! Nabintu akanitazama, akasema tu, "Karibu, Papa. Nawa mikono."

Sahani yangu ilikuwepo. Maman Furaha akaniambia kila siku ilikuwepo, na kila jioni waligawana wadogo.

Nikachukua daftari nifiche machozi nyuma yake. Baada ya somo langu la mwisho kulikuwa na ukurasa mpya, mwandiko wa Nabintu:

"Leçon ya kumi na moja. Papa akikosa kurudi. Usilie mbele ya badogo. Unga kikombe nusu kwa siku. Bafundishe badogo na bao, ili hata miye nikikosa kurudi, bajue."

Nikamuuliza ameandika lini.

"Zamani, Papa. Nilijua tangu siku ya ubao. Haikukuwaka juu ya internat."

Alijua, wakuu. Wiki zote zile ananicheka na mchi wangu, alikuwa anajua, na akanificha mimi nisiogope.

Mama yao alirudi nchi ilipoungana. Sombe ya kwanza aliyopikiwa, aliomba tena.

Na furaha ya leo? Nabintu ni mama wa watoto sasa, yuko mbali. Asubuhi kanitumia picha: binti yake wa miaka kumi na tano ameshika mchi, na lile daftari limefunguliwa pembeni. Ukurasa wa leçon ya kumi na moja ameurarua, amenirudishia kwa basi. Anasema binti huyu hauhitaji.

Nilichojifunza: ukimficha mtoto hofu yako, jua anaibeba kimya. Mfundishe, na mwambie kwa nini.

Nyie mlifundishwa nini mkiwa na umri ule, na nani? Andikeni hapo chini, nasoma zote.

Na anayetaka kunicheka kwa sombe ya majani mazima, acheke, nimeshazoea.