Swichi Kubwa ya Kizwite

Niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Waliokwenda hadi chuo wamekuja hapa Kizwite kuniomba kazi, na wengine nimewapa. Nilianza na baiskeli, nikinunua mahindi debe kwa debe vijijini. Leo nina ghala, nina mashine ya kuchambua mbegu, na wakulima wananizalishia mbegu ya mahindi kutoka Laela hadi huku mjini. Hakuna aliyenishika mkono.

Kampuni moja kubwa ilitaka kununua mbegu yangu yote ya msimu. Kabla ya kusaini, ikamtuma mkaguzi, binti kutoka Mbeya, aje apime afya ya kompyuta zangu. Nilicheka. Afya nilijua ni ya mtu na ya ng'ombe. Lakini shida yao niliielewa. Gunia kwangu lina namba tu. Kompyuta ndiyo inayojua namba ile ilitoka shamba la nani na iliota vipi ilipopimwa. Ukipoteza hayo, una mahindi ya ugali.

"Shikamoo mzee," alisema mlangoni.

"Marahaba. Karibu uone mitambo. Mji huu hakuna mwenye kama hii."

Karani wangu, mama wa Katandala niliyefanya naye kazi miaka tisa, akainama kwenye karatasi zake kuficha cheko.

Binti hakukaa kwenye kiti nilichomfutia vumbi. Alipiga magoti chini ya meza, akaweka sikio kwenye kompyuta kubwa inayotunza kila kitu.

"Inagonga hivi tangu lini?"

"Ndivyo ilivyo hiyo."

Akabonyeza betri ya akiba, ile ya kushika umeme ukikatika. Ilikuwa imevimba, imekufa. Akauliza nakala ya taarifa naiweka wapi. Hapo nilifurahi. Nilifungua sefu, nikamtolea kile kidude cha kuhifadhia, kikiwa bado kwenye nailoni yake.

"Mzee, hiki hakijawahi kuchomekwa."

"Ndiyo maana ni kizima."

Karani akashindwa kujizuia, akacheka hadi machozi. Binti hakucheka. Aliuliza daftari za zamani ziko wapi. Niliwagawia wauza maandazi wafungie, siku kompyuta ilipofika. Nilitaka mji mzima ujue kwamba nimeachana na daftari.

Kisha akasoma kwenye skrini kitu ambacho sikujua kompyuta huwa inakiandika. "Imezimwa ghafla mara nyingi mno. Huwa mnafanyaje?"

Nikamweleza. Ufipa radi si jambo la mchezo. Wingu likijitokeza upande wa milima ya Mbizi, mimi mwenyewe naenda ukutani na kushusha swichi kubwa ya nyumba nzima. Radi imeua ng'ombe wa jirani, kwangu haijaunguza hata balbu.

"Radi haijaigusa, kweli," alisema. "Wewe ndiye unayeiua. Unaizima ikiwa katikati ya kuandika. Ikizimwa tena leo, sidhani kama itawaka."

Akachomeka kidude changu, akaanza kunakili. Ingechukua saa nne. Akapanda bodaboda kwenda madukani kutafuta betri, na neno aliloniachia lilikuwa moja: umeme usizimwe.

Tulibaki wawili, tukitazama mstari wa kijani ukitambaa. Karani alikuwa ananisomea vijiji vilivyokwisha kuhama. Laela, yenye wakulima wengi kuliko wote, ilikuwa ya mwisho. Saa tisa alasiri upepo ukapiga bati, chumba kikaingia giza la mawingu.

"Bosi, kaa chini."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Nilikuwa nimesimama. Jasho lilinitoka kama niliyebeba gunia. Nilijiambia nina akili, nimejenga haya yote kwa akili hii, siwezi kushindwa kutulia saa moja tu. Ngurumo ya kwanza niliivumilia. Ya pili ilipasuka juu ya ghala, na sikuamua chochote. Nilijikuta ukutani, swichi iko chini, mkono wangu juu yake.

"Bosi," karani alisema polepole, "umefanya nini?"

Niliipandisha. Taa ziliwaka. Kompyuta iligonga mara tatu, ikanyamaza. Nikajaribu tena. Niliibembeleza kwa Kifipa, mimi ambaye hata benki sijawahi kuibembeleza.

Binti alirudi ameloa, betri ameikumbatia ndani ya mfuko. Alisikiliza, akachomeka kidude kwenye kompyuta yake ndogo, akakaa sakafuni. "Vingine vyote vipo. Laela haipo."

"Andika ni radi."

"Radi haikupiga hapa, mzee."

"Mwanangu, nakuomba. Wakijua ni mimi, hawatarudi."

"Nitaandika nilichokiona," alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote.

Kampuni ikachukua mbegu yenye taarifa, ya Laela ikaiacha. Nilikwenda kule mwenyewe. Njia nzima nilitengeneza hadithi ya radi, lakini mama wa kwanza niliyemkuta, mjane aliyeng'oa mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi, mstari kwa mstari kwa mikono yake, aliniuliza moja kwa moja.

"Mbegu yangu ilikataa kuota?"

"Iliota vizuri."

"Sasa ina kosa gani?"

"Nilizima kompyuta, mama. Haijulikani tena gunia lipi ni la nani."

Alijifunga kanga yake upya. Kisha akasema, "Nipeleke ghalani. Mahindi yangu nitayajua."

Nilimpeleka. Nilimfungulia magunia ya Laela moja baada ya jingine. Akachota, akanusa, akazigeuza punje kiganjani. Kwenye gunia la nne alisema, "Ni haya." Kwenye la saba akasema tena, "Ni haya." Akarudi kwenye la nne, akachota upya, akaziweka kiganjani kando ya punje za la saba. Zilifanana zote.