Metre Kumi na Tisa za Hewa

Kuchimba hakukuwezekana. Mtaa wetu wa Murara umekaa juu ya mawe ya volkano, na sululu ikigonga pale inarudi na jibu baya. Kwa hiyo waya wa umeme, kutoka nyumbani hadi ateliye yangu ya useremala nyuma ya parsele, kiwanja chetu, ilibidi upite hewani.

Njia fupi ilikatisha juu ya uwanja wa jirani, muzee ambaye sikuwa nimesalimiana naye tangu ukuta wangu ulipoangukia mihogo yake.

"Juu ya kichwa changu hakupiti kitu chako," alisema.

Nikaamua kuzunguka. Nilipima kwa hatua, nikarudia: metre thelathini. Nikanunua thelathini kamili. Mimi mwenye kuhesabu kila kitu mara mbili, mara zote mbili nilihesabu ardhi. Nikasahau kwamba waya hupanda nguzo na kushuka. Zilipungua tatu. Nikaunga kipande cha zamani, nikafunga kiungo kwa mupira wa pikipiki. Waya ukalegea, ukaning'inia usawa wa paji la uso.

Wiki ileile watu wa Kibumba walishuka wakikimbia vita. Mama mmoja na watoto wanne nikawalaza ateliye, kati ya mbao. Hakunishukuru, nami sikumkaribisha vizuri.

Asubuhi nikasikia beseni likianguka. Mama yule alikuwa ametupa kikwembe, kitenge alichofua, kikiwa bado kibichi, juu ya waya, palepale kwenye kiungo. Umeme ulimrusha akakaa chini. Nilikimbia kuzima.

"Nani alikwambia hiyo ni kamba?"

"Nani aliniambia si kamba?" Aliinuka, akaokota beseni. "Papa, bunduki zimetukosa, kumbe wewe ndiye ulibaki kutuua! Watoto, mukusanye vitu."

Mvua ilikuwa inaanza. Watoto wanne, nikahesabu tena, wanne. Waya ule ukibaki pale, mmoja angeushika. Nikiuondoa, randa la umeme linanyamaza, na mimi nakula mbao.

Nikaenda kwa muzee.

"Nataka metre kumi na tisa za hewa yako."

"Ampoule moja, imulike mulango wangu."

"Ampoule unanunua wewe."

"Unanunua wewe. Na waya wake."

"Muzee, huo ni wizi."

"Basi rudi kwenye kamba yako."

Nilikubali, nikiwa nimekunja uso. Safari hii nilipima pia kupanda na kushuka: ishirini na mbili, bila kiungo, juu kuliko mkono wa mutu yeyote. Katika zile metre thelathini nilizonunua zilibaki nane. Sita zilikwenda kwenye ampoule ya muzee, ambayo aliikagua kama amenunua yeye.

Mbili nilizobaki nazo, pamoja na kile kipande cha zamani, nilizifunga kati ya miti miwili, mbali na umeme wowote. Mama alizitazama kwanza, kisha akazigusa kwa ncha ya kijiti. Halafu akaanika. Nguo kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja.

Hakunisalimia. Lakini vitu vyake alivirudisha ndani.