Rasi ya Mama Kontua

Ofisi nzima ya ramani ilimwita Mama Kontua, kontua ile mistari ya miinuko kwenye ramani, kwa sababu mlima akiuchora yeye, ukiutazama tu karatasini magoti yanakuuma. Mtu wa kazi haswa, lakini mdomo! Uguse kikombe chake cha chai uone.

Safari hii alipewa ziwa la mbali, huko juu milimani, chini ya barafu ya kilele. Picha mpya za angani zilisema wazi: barafu imeyeyuka, ziwa limenenepa, limemeza ufuko wa mashariki. Na hapo ufukoni ndipo marehemu mumewe, mpima ardhi, alipojenga nguzo ya zege ya kupimia enzi za ujana wao, akarudi nyumbani midomo imepasuka kwa baridi, anacheka. Kwenye ramani ya zamani nguzo ile ilikuwa pembetatu ndogo. Watu humzuru mtu kaburini. Mama Kontua alimzuru mumewe pale karatasini.

Sasa pembetatu iko majini, inatakiwa ifutwe. Jamani, aifute kwa mkono upi? Akaupinda mstari wa maji kidogo tu, ukaizunguka nguzo. Ikatokea rasi nyembamba ya nchi kavu. Nani anakwenda huko hata ajue?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii iliishia Jumapili tu. Mwanawe wa pekee, mpima ardhi kama baba yake, alikuja kula na kuaga.

"Mama, wananituma kwenye ziwa lako! Kumbe nguzo ya mzee bado ipo! Tutafika giza limeingia, ila tutapiga hema pale pale kwenye rasi. Ramani yako, mimi nina wasiwasi gani?"

Kijiko kilimponyoka mama.

"Hakuna rasi, baba."

"Hakuna vipi? Si umeichora mwenyewe?"

"Nimeichora. Ila pale ni maji, na juu yake barafu nyembamba. Nilishindwa kumfuta baba yako."

Kijana akamshika mkono. "Mzee angekugombeza, mama."

"Angenifokea mpaka majirani wasikie," akasema, akacheka huku analia.

Kesho yake aliwahi ofisini kuliko mfagizi. Akaunyoosha mstari, akaifuta pembetatu.

Wiki zilipita, kisha simu ikalia kutoka huko juu. "Mama, tumepima kina pale alipo mzee. Mita nne."

Mama Kontua akaiandika ile nne kwenye maji, pale pale ilipokuwa pembetatu. Siku hizi humzuru hapo.