Pembe kwa Pembe

Pah! Hivyo ndivyo shuka la hospitali linavyolia likikung'utwa na watu wawili wanaojuana, na mlio huo mama mmoja wa chumba cha kufulia aliusikia hata siku za mapumziko. Wenzake walimwita Pembe, kwa kuwa hakukubali shuka likunjwe mpaka pembe iangukie juu ya pembe. Upande wa pili, kwa miaka ishirini na miwili, alisimama shoga yake aliyeitwa Redio, na jina hilo halihitaji maelezo.

Miaka yote hiyo Pembe hakuwahi kupiga kura. Si kwamba hakutaka. Kadi alikuwa nayo, ameiviringisha kwenye kitambaa kama kito. Lakini kituo kilikuwa mtaani kwake, mwendo wa mabasi mawili kutoka hospitali. Kikifunguliwa, yeye yumo kwenye mvuke wa mashine; kikifungwa, bado yuko njiani, miguu imevimba. Na shuka halikunjwi na mtu mmoja. Akiondoka yeye, Redio abaki ameshika ncha moja, anaongea na ukuta?

Mkuu wa zamu, kijana wa kalamu tatu mfukoni, alikuwa na jibu lake: anayetaka kupiga kura aamke mapema. Redio akamwuliza mapema ipi tena, maana Pembe ndiye anayewaamsha majogoo. Chumba kizima kikaangua kicheko, mkuu akazama kwenye daftari lake.

Mwaka huu, baada ya barua nyingi za wafanyakazi, kituo kiliwekwa kwenye ukumbi wa hospitali hiyohiyo. Pembe alikuwa wa kwanza kuhamishia jina lake hapo. Redio alisahau, siku ya kuhamisha alikuwa na mazungumzo.

Siku yenyewe ikafika, mashuka nayo yakamiminika kutoka wodini kama yametumwa. Alasiri Pembe alikuwa hajatoka. Aliacha kuitazama saa. Ndipo mkuu alipovua koti na kukunja mikono ya shati.

"Nipe ncha hiyo, mama."

Pembe alitoka mbio, nyuma yake Redio akimkokota mkuu huku na huku, akimfundisha kwamba shuka haliburuzwi kama mbuzi.

Ukumbini alipewa karatasi ndefu. Alitia alama yake, kisha mikono ikafanya ilichozoea: pembe kwa pembe, mara moja, mbili, tatu, nne, akailaza na kuipapasa kwa kiganja. Kwenye tundu la sanduku karatasi ikagoma. Ilikuwa nene kama kipande cha sabuni.

"Mama," karani akasema, "hii ni kura au foronya?"

Foleni ilicheka, na Pembe akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akarudi kibandani, akaikunjua, akaikunja mara moja tu, ovyo, pembe zimekwenda kombo. Ikatumbukia.

Alirudi kazini anatembea kama mwenye viatu vipya. Redio alidai habari yote, tangu foleni hadi jina la aliyempigia. Pembe alikuwa anamtazama mkuu, jasho linamtiririka, shuka limemzonga shingoni, macho yake yanakwenda kwenye saa, kisha mlangoni, kisha kwenye saa tena. Mtazamo ule Pembe aliujua vizuri mno. Akaitwaa ncha ya shuka kutoka mkononi mwa kijana.

"Nenda na wewe, mwanangu," alimwambia, kwa sauti ya chini kabisa. "Nimeshashika."