Fisi wangu wa "manyoya ya kweli" alipofukizwa udi

Wakuu, salaam. Haya yametokea kwetu Mishomoroni, na nyanya yangu, ambaye namwita Bibi, yu hai na masikio yake ni mazima, kwa hiyo sina ujasiri wa kutia chumvi.

Mnaokusanya action figures, vile vijisanamu vya mashujaa, mnaujua huu ubishi. Manyoya ya kuchongwa, au manyoya ya kweli?

Ya kuchongwa ni plastiki ile ile ya mwili, imetiwa mistari na kupakwa rangi. Ya kweli ni nywele zilizobandikwa, unaweza hata kuzichana.

Rafiki yangu Kazungu wa Port Reitz, mpakua mizigo uwanja wa ndege, ni mtu wa kuchongwa. Mimi wa kweli. Tuna shujaa mmoja, Fisi mwenye mkuki, kimo chake kama kalamu mbili. Yeye ana toleo la kuchongwa, mimi la manyoya.

Tumebishana kwenye grupu letu la wakusanyaji mpaka watu wakaanza kujitoa.

"Huyo wako kama kaoga kwa sabuni ya kufulia," Kazungu aliandika.

Nikamjibu wake kama kamwagiwa uji ukamkaukia.

Niseme pia kwamba nina ugonjwa wa kuuliza. Chuoni kuna mhadhiri alikuwa akiniona nainua mkono anatazama dirishani. Tangazo nalihoji, mganga namhoji, hali ya hewa naihoji. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Tatizo halikuwa Kazungu. Tatizo lilikuwa Bibi, mwenye nyumba ninayoishi tangu nimalize chuo. Siku alipomwona Fisi kwenye rafu alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nini hiki?"

"Sanamu tu, Bibi. Ya kuweka."

"Sanamu, tena lina nywele. Wewe hujui malaika hawaingii nyumba yenye sanamu?"

Sasa, kwa wasio wa pwani: malaika ni wale wa mbinguni, lakini pia ni vile vinywele laini vya mkononi. Nikaona mwanya.

"Malaika anao, Bibi. Mtazame mkono."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Hukumu ikawa nyepesi: Fisi akae kabatini, mlango ufungwe, na siku akinuka tu, atoke.

Sikuhoji kwa nini alitaja kunuka. Ningehoji.

Masika yakaja. Huku kwetu Kisauni wakati wa masika hata mkanda wa suruali huota ukungu. Fisi akaanza kunuka kama mbwa aliyenyeshewa. Nikamwanika dirishani, nikampulizia marashi, akanuka kama mbwa aliyenyeshewa akienda harusini.

Na wiki hiyo hiyo tulikuwa tumepatana na Kazungu: Jumamosi aje na wake, tuwaweke Fisi wawili meza moja, tupige picha, na atakayeshindwa aandike kwenye grupu kwamba miaka yote hii alikuwa akipotosha watu.

Ijumaa asubuhi Bibi akafungua kabati langu bila kubisha hodi.

"Yuwanuka."

"Naomba mpaka kesho tu, Bibi. Kesho ana mgeni."

"Sanamu lina mgeni," alisema, kama anayejisomea. "Nenda msikitini. Ukirudi tutasema."

Nikaenda. Nina maswali mengi juu ya mambo mengi, lakini maswali ya Bibi kwa aliyekosa Ijumaa ni mengi kuliko yangu.

Kurudi, nyumba nzima ni udi. Bibi yuko sebuleni, uso umemkunjuka.

"Sikumtupa," alisema. "Nimekuonea huruma. Nimemfukiza pamoja na buibui langu."

Kwetu nguo hufukizwa hivi: chetezo chini na makaa yake, juu kinafunikwa kitenga, kikapu cha matundu, nguo zinatandazwa juu ya kitenga zinywe moshi. Buibui lilikuwa juu ya kitenga. Fisi, kwa kuwa ni mdogo na ananuka zaidi, alikuwa amewekwa ndani, jirani na makaa.

Nikainua kitenga.

Wakuu, alikuwa mzima. Mkuki upo, meno yapo. Lakini manyoya yalikuwa yamejikunja, yakashikana mafungu mafungu, yakaganda. Nikamgusa mgongoni. Magumu, yana mistari.

Alikuwa Fisi wa kuchongwa.

Na hapo ndipo maswali yangu yote yaliponirudia. Nywele za kiumbe zikipata moto huungua, hunuka, huwa majivu. Haziyeyuki. Kinachoyeyuka ni plastiki. Boksi liliandikwa "manyoya ya kweli", na mimi ninayehoji hata utabiri wa mvua nikalisadiki neno kwa neno, kwa sababu lilisema nilichotaka kusikia. Tulikuwa tukibishania plastiki kwa plastiki.

Jumamosi Kazungu akaja. Akamweka wake mezani, akamtazama wangu, akamgeuza, akampapasa mgongoni.

"Toleo gani hili?"

"Adimu," nikasema.

"Kachongwa vizuri kuliko wangu, wallahi. Hapa mgongoni, mtu aliyechonga hapa ni fundi." Kisha akashtuka. "Ngoja. Si wewe wa manyoya, msomi?"

Nikajaribu kumsogezea viazi vya karai. Bibi akawahi.

"Fundi ni mimi," alisema. "Nimemchonga kwa chetezo."

Kazungu alicheka mpaka akashika ukuta. Akataka niandike kwenye grupu kwamba nimeshindwa. Nikataka aandike kwamba amekiri wangu ni mzuri zaidi. Mpaka leo hakuna aliyeandika, ndiyo maana nimekuja huku.

Nikamuuliza Bibi kama Fisi bado ana ruhusa ya kukaa. Akamnusa, akamrudisha kabatini mwenyewe.

"Akae. Malaika wake wametoka. Labda wangu sasa wataingia."

Funzo nililopata: ukiambiwa kitu ni cha kweli, uliza ni kweli ya nini. Chomoa unywele mmoja, uupitishe kwenye kiberiti, kabla nyanya yako hajaupitisha mwili mzima.

Wenye figure za manyoya huko pwani, masika mnawahifadhi vipi? Na timu ya kuchongwa, semeni yenu, ila polepole. Kazungu yumo humu.