Maji ya Kushika Poda

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo watatu. Baadaye, vipodozi vya nje vilipoanza kujaa madukani Morogoro mjini, nilikuwa nasuka nywele katika saluni karibu na soko. Mwenye saluni alikuwa na chupa ya maji ya kupulizia usoni ili poda isitoke. Hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

Mdogo wangu anayenifuata alipopata mchumba wa Gairo, niliamua kumpamba mwenyewe na maji hayo niyatengeneze mwenyewe. Kwetu milimani bibi harusi hulia anapoaga. Asipolia, watu husema alikuwa akiisubiri siku ya kuondoka, na lawama humwendea aliyemlea. Aliyemlea ni mimi. Nilitaka alie, na poda ibaki.

Nilichanganya maji yaliyochemshwa, glisirini na marashi, nikatia kwenye chupa tupu ya dawa ya nywele. Mara ya kwanza glisirini ilizidi. Nilijipulizia, nikapanda mlima kurudi nyumbani, vumbi lote la njiani likanigandia usoni. Wadogo zangu waliniuliza kama siku hizi nafyatua matofali. Nikapunguza. Mara ya pili nilimenya kikapu kizima cha vitunguu, nikalia, nikajitazama kwenye kioo. Poda ilikuwa palepale.

Siku ya harusi alilia kweli, kichwa ameinamisha chini ya shela. Machozi yaliteleza yakaishia kwenye kitambaa. Alipofunuliwa ili aage, uso ulikuwa umetulia kama wa picha ya studio. Mashangazi wa bwana harusi walitazamana. Mmoja akasema, wala hakupunguza sauti, "Huyu hana huzuni. Alishamchoka dada yake."

Mama mkubwa, dada yake mama, akanisogelea. "Umempaka nini, mwanangu? Machozi yake yako wapi?"

Nilimweleza. Hakucheka. Aliniambia nifanye haraka, gari lilikuwa limeshawashwa.

Nikalowanisha ncha ya khanga, nikamsugua mdogo wangu mashavuni mbele ya watu wote. Poda ikatoka, wanja ukashuka. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti. Michirizi ikafika kidevuni. Mashangazi wakapiga vigelegele, wakamshika mikono.

Picha zilipigwa baada ya hapo. Hakuna hata moja inayoonyesha nilivyompamba.